Niliambiwa "mishipa yako safi": nyota nne kwa kipimo kilichonipa jibu

Ninachokisifia hapa ni kipimo, sio hospitali wala daktari fulani. Ni kile kipimo cha kuangalia utendaji wa mishipa ya moyo, ambapo wakishakupiga anjiogramu (picha ya mishipa ya moyo kwa dawa ya rangi) hawaishii hapo, wanaingiza waya mwembamba ndani ya mshipa wenyewe na kuweka dawa mbili, waone mshipa unalegea pale unapotakiwa kulegea au unajikaza. Mimi nimefanyiwa miezi minne iliyopita, nikakaa kimya makusudi nione kama matibabu niliyopewa kutokana na majibu yatashika au itakuwa yale yale, na sasa naona naweza kusema kitu cha maana. Nakipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitaeleza imeenda wapi.

Nianze na maumivu, maana bila hayo huwezi kuelewa kwa nini naongea hivi. Miaka mitatu nimeishi na maumivu ya kifua ya aina mbili, na mimi mwenyewe sikujua kama ni mbili, nilikuwa nayahesabu yote kuwa kitu kimoja. Ya kwanza yalikuwa yanakuja usiku. Saa tisa, saa kumi alfajiri, nimelala zangu, naamshwa na uzito katikati ya kifua kama kuna mtu ameweka goti pale anakandamiza taratibu, unapanda kwenye taya unashuka mkono wa kushoto, jasho la baridi linanitoka, nakaa kitandani miguu chini nasubiri. Dakika tano, wakati mwingine kumi, unaachia. Na ukiachia umeachia kabisa, asubuhi naamka nafanya kazi zangu zote, napanda ngazi, sisikii kitu. Mume wangu alikuwa anashindwa kuelewa, usiku ananishika mkono anaona mwenzie anaondoka, mchana ananikuta juu ya kiti natundika mapazia.

Ya pili yalikuwa ya mchana. Nikitembea haraka, nikibeba kitu, au hata nikiwa nimegombana na mtu, kifua kinabana na pumzi inakuwa fupi, nakaa kupumzika nikitegemea yataisha dakika mbili tatu kama wanavyosema lakini wapi, nusu saa bado yapo, na siku nyingine yanaanza baada ya kumaliza kazi sio wakati naifanya, na yakishapita nabaki nimechoka mwili mzima kama niliyelima.

Chumba cha dharura nimekwenda mara sita. Kila nikifika wananiweka kwenye mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya umeme wa moyo, inatoka nzuri, wanapima damu kuangalia troponini, inayopanda moyo ukiumia, nzuri, maana nikifika pale mshipa umeshaachia zamani. Kumtafuta mwizi wa saa tisa usiku kwa kuja kukagua nyumba saa sita mchana, utamuona wapi? Nikaambiwa gesi, nikapewa dawa za tumbo. Nikaambiwa ni umri, homoni zinabadilika. Nikaambiwa mawazo, mama punguza mawazo, nikapewa propranolol ya kutuliza mapigo, na hapo sasa ndipo za usiku zikawa za karibu kila siku. Nilimwambia daktari wa wakati ule kwamba tangu nianze hii dawa usiku umekuwa mbaya zaidi, akaniambia haiwezekani, hii dawa ni ya moyo. Ni dawa ya moyo kweli, na inasaidia watu wengi sana, lakini kwa mtu ambaye tatizo lake ni mshipa kujikaza, dawa za kundi hilo, hasa za aina ya propranolol, zinaweza kuufanya mshipa ujikaze zaidi. Hilo nimekuja kulijua baadaye.

Halafu ikaja anjiogramu ya kawaida. Nilifurahi nikajua leo ndio mwisho. Nikalala pale, wakaingiza katheta, mrija mwembamba, mkononi, wakamwaga dawa ya rangi, daktari akaangalia skrini akasema maneno ambayo nadhani yeye aliyasema kwa nia njema kabisa: hongera mama, mishipa yako safi. Nililia kwenye gari njia nzima na watu walidhani nalia kwa furaha. Ukiambiwa mishipa yako safi halafu saa tisa usiku lile goti likarudi, unabaki na njia mbili tu za kufikiri, ama unakufa na hakuna anayejua, ama una wazimu. Hili jambo liko kwa wengi kuliko watu wanavyodhani, kwenye anjiogramu zinazofanywa kwa sababu ya maumivu ya kifua kuna fungu kubwa, sehemu nyingine linakaribia nusu, hawakutwi na mshipa ulioziba, na wanawake ndio wengi humo. Wengi wanarudishwa nyumbani na hongera kama yangu.

Sasa tuelewane, anjiogramu sio kipimo kibaya. Tangu daktari Mason Sones wa Cleveland, Marekani, alipojikuta mwaka 1958 dawa ya rangi imeingia kwa bahati mbaya moja kwa moja kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa na mgonjwa akapona, kipimo hiki kimeokoa watu wasio na idadi. Shida ni kwamba kinajibu swali moja tu, je kuna mahali pameziba. Kinaonyesha mishipa mikubwa ya juu ya moyo, ile unayoiona kwenye picha kama matawi. Mishipa yenye upana chini ya nusu milimita haionekani pale kabisa, na hiyo midogo ndiyo mingi na ndiyo inayoamua damu kiasi gani iingie kwenye nyama ya moyo. Pia picha ni ya dakika ile ile umelala pale umetulia, haikwambii mshipa mkubwa unafanya nini alfajiri. Kwa hiyo "safi" maana yake hakuna kilichoziba, basi. Haisemi mishipa inafanya kazi. Laiti yule daktari angeniambia hivyo tu, kwamba hakuna kilichoziba lakini bado hatujajua maumivu yanatoka wapi, ningeokoa mwaka mzima na nusu.

Aliyenipeleka kwenye hiki kipimo ni daktari mwingine, kijana kabisa, ambaye aliniuliza swali hakuna aliyewahi kuniuliza: maumivu yanakuja saa ngapi? Sio makali kiasi gani, saa ngapi. Halafu akauliza kama naumwa kichwa cha kipandauso na natumia nini. Nikamwambia natumia sumatriptani miaka na miaka. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba hizo dawa zinatuliza kipandauso lakini zinaweza kubana na mishipa ya moyo, mtu mwenye mishipa inayojikaza hatakiwi kuzigusa, akanitaka niache siku ile ile. Akanisimulia pia kuhusu Myron Prinzmetal, daktari wa Los Angeles ambaye mwaka 1959 yeye na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa ambao kifua kinawauma wakiwa wamepumzika, sio wakijishughulisha, na ECG ikichukuliwa wakati maumivu yapo inapanda juu halafu maumivu yakiisha inarudi kama hakukuwa na kitu. Nikamwambia daktari huyo mtu alikuwa ananiandika mimi. Kumbe ugonjwa wangu una miaka yote hiyo kwenye vitabu na mimi nazungushwa na dawa za gesi.

Haya, sasa kipimo chenyewe, na hapa ndipo nyota moja ilipopotea. Kwanza niliitwa kwa simu nikapewa tarehe na saa, nikaambiwa nisile tangu usiku, basi. Nimefika asubuhi, nesi ananiuliza umekunywa kahawa au chai jana? Nimekunywa, tena jioni. Umemeza dawa ya kulegeza mishipa? Nimemeza asubuhi na funda la maji kama kawaida yangu, maana daktari alikuwa ameshanianzishia diltiazem kidogo ya kujaribia. Basi haiwezekani, rudi nyumbani. Kafeini ya kahawa na chai inazuia adenosini, moja ya zile dawa mbili za kipimo, isifanye kazi, na diltiazem inaulegeza mshipa kiasi kwamba hata kama una tabia ya kujikaza siku hiyo utakaa kwa adabu, kipimo kitasema huna kitu wakati unacho. Nimesubiri wiki tatu nyingine na maumivu yangu kwa sababu ya sentensi mbili ambazo hakuna aliyenitamkia. Kwa hiyo ukipangiwa, uliza mwenyewe mapema: kahawa, chai na soda za kola niache lini (wengi wanataka saa 24), na dawa zipi za moyo nisimamishe na kwa muda gani, na usisimamishe mwenyewe kwa kukisia maana kuacha ghafla dawa za kulegeza mishipa bila mpango kunaweza kuleta shambulio. Mimi siku mbili za kuziacha nilipewa nitrogliserini, ile dawa ya kufungua mshipa ya kupulizia chini ya ulimi, nikae nayo karibu, na niliihitaji usiku wa pili.

Siku yenyewe. Unalala kwenye kile kitanda chembamba chini ya mashine, ganzi kidogo kwenye kifundo cha mkono, katheta inaingia, huisikii ikitembea. Ukiwa umezoea anjiogramu utaona tofauti moja mapema, hawakuwekei ile dawa wanayowekaga kulegeza mshipa wa mkono usibane, kwa sababu itakwenda na huko kwenye moyo kuharibu majibu, kwa hiyo mkono unauma kuliko mara ya kwanza, nasema wazi ili usishtuke. Hawakulazi usingizi mzito pia. Wanataka uwe macho uongee nao, utaona kwa nini.

Dawa ya kwanza ilikuwa asetilikolini. Hii nilielezwa nikaipenda hadi nikaenda kuisoma. Ni kitu ambacho mwili wenyewe unatengeneza. Mwaka 1980 mwanasayansi Robert Furchgott alionyesha kwamba mshipa ambao utando wake wa ndani ni mzima, ukiuwekea asetilikolini unalegea, na mshipa ule ule ukiukwangua utando, dawa ile ile inaufanya ujikaze. Utando mzima unatoa kitu kinachoilegeza misuli ya mshipa, ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni gesi ya nitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hiyo dawa moja inauliza mshipa swali, na mshipa unajibu wenyewe kwa kulegea au kubana. Sijaona kipimo kingine kinachoongea na mwili kwa adabu namna hiyo.

Wanaanza na kidogo sana. Sikusikia kitu. Wakaongeza. Sikusikia kitu, nikaanza kuogopa, sio kuogopa maumivu, kuogopa kwamba yasipokuja nitaambiwa tena hongera. Wakaweka dozi kubwa taratibu taratibu, wanahesabu, na pale kama sekunde ya arobaini nikasikia lile goti. Lile lile. Katikati ya kifua, likapanda kwenye taya. Daktari akauliza, mama unasikia nini, nikamwambia ndio hili, akasema hili lipi, nikasema la saa tisa usiku. Akaniambia geuza kichwa angalia skrini. Mshipa wangu wa mbele, ule uliokuwa mnene na laini dakika mbili kabla, umekuwa kama uzi, sehemu ya katikati karibu haipo, na kwenye monita ya pembeni mistari ya ECG imepanda. Nesi aliyekuwa upande wa kichwani akanishika bega. Wakapiga nitrogliserini kwenye katheta na nikauona mshipa ukifunguka kwa macho yangu, kuanzia juu kushuka chini, na goti likaondoka pamoja nao, pumzi mbili tatu tu.

Machozi yalinitoka pale pale kitandani. Nesi akadhani bado naumwa, nikamwambia hapana dada, nimeonekana.

Kwa wanaotaka kujua wanahesabuje, ili waseme mshipa mkubwa umejikaza wanataka vitu vitatu viwe pamoja, maumivu yale unayoyajua wewe, ECG ibadilike, na mshipa upungue upana kwa asilimia 90 au zaidi. Maumivu yakija na ECG ikabadilika lakini mshipa mkubwa uko wazi, basi wanahesabu kwamba midogo isiyoonekana ndiyo iliyojikaza. Ndio maana hawakulazi usingizi, wewe ndio shahidi wao wa kwanza.

Baada ya hapo wakapumzika kidogo wakaingia sehemu ya pili, ya mishipa midogo. Waya mwembamba wenye sensa kwenye ncha unapelekwa chini kwenye mshipa, unapima presha na joto. Wanasukuma maji ya chumvi ya joto la kawaida la chumba, ambayo ni ya baridi kuliko damu, na sensa inahesabu yamechukua muda gani kufika. Mara tatu ukiwa umetulia, halafu wanakuwekea adenosini kwenye dripu ambayo inafanya moyo ufungue kila mlango wa damu ulio nao, mara tatu tena. Hii adenosini haipendezi, uso unawaka, kifua kinajaa, unahisi kama umekimbia mlima, lakini ukiambiwa mapema unavumilia na ikikatwa inaisha haraka sana ndani ya dakika moja hivi. Kutokana na hapo wanapata namba mbili. Moja ni damu inaweza kuongezeka mara ngapi, wanataka angalau mara mbili, wengine mbili na nusu, mimi nilipata 1.6. Nyingine ni ukinzani wa mishipa midogo, ikifika 25 kwenda juu sio nzuri, yangu ilikuwa 34. Kwa hiyo ninayo yote mawili, mishipa mikubwa inayojikaza na midogo isiyofunguka vizuri, na ghafla miaka mitatu yote ikapangika: ya usiku ni ya mkubwa, ya mchana yanayokaa nusu saa ni ya midogo. Nilikuwa sisemi uongo na wala sichanganyi mambo, nilikuwa na magonjwa mawili ndani ya kifua kimoja.

Hatari zipo, sitaficha. Mapigo yanaweza kupungua sana au kwenda ovyo kwa muda, mshipa unaweza kujikaza zaidi ya walivyotarajia, na zile hatari za kawaida za anjiogramu, ila madhara makubwa ni nadra pale kinapofanywa na watu waliozoea na dawa ya kufungua iko tayari mkononi. Uliza wanafanya mara ngapi. Sio mahali pengi panapofanya, na hilo linaniuma kwa sababu vifaa vyenyewe sio vya ajabu sana, chumba cha anjiogramu kipo tayari, waya wanao maana wanautumia kupima mishipa iliyoziba, dawa zote mbili zinajulikana miaka mingi, inayokosekana ni nusu saa ya ziada na mtu aliyeamua kuuliza swali la pili. Kuna njia za picha pia bila waya, kama MRI ya moyo na dawa au PET, zinaweza kukuonyesha kwamba mishipa midogo haileti damu ya kutosha, lakini hazitakuonyesha mshipa unaojikaza alfajiri.

Watu wananiuliza, sasa umejua, imekusaidia nini? Hili ndilo swali zuri. Kuna utafiti ulifanyika Glasgow ukatoka 2018, unaitwa CorMicA, walichukua watu 151 wenye maumivu ya kifua na mishipa isiyoziba, wote wakafanyiwa kipimo hiki, lakini kwa nusu yao majibu yalifichwa, madaktari wao wakawatibu kama kawaida, na nusu nyingine majibu yakatumika kuchagua dawa. Baada ya miezi sita wale wa majibu yaliyotumika walikuwa na nafuu ya wazi kwenye maumivu na maisha yao ya kila siku kuliko wenzao. Na kati ya wale 151, waliokutwa hawana tatizo lolote la mishipa walikuwa 17 tu. Ukisoma hiyo namba kama mtu uliyeambiwa mawazo mara sita, unakaa chini kwanza. Na mwongozo wa mwaka 2024 wa European Society of Cardiology, chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya, unapendekeza kipimo hiki kwa wenye dalili zisizoisha na mishipa isiyoziba, kwa hiyo ukimuomba daktari wako hauombi maajabu, unaomba kitu kilichoandikwa.

Kwangu mimi, propranolol ilitolewa wiki ile ile. Diltiazem ikapandishwa na naimeza usiku ili inilinde alfajiri, kwa sababu ndio saa za mshipa wangu. Ya mishipa midogo ilikuwa kazi zaidi, tulianza na dawa ya presha ya kundi la ACE na ya kushusha lehemu (kolesteroli), ambazo nilishangaa maana lehemu yangu haikuwa mbaya, nikaelezwa zinasaidia ule utando wa ndani. Miezi minne: usiku nimeamshwa mara mbili tu, zote mbili kwenye baridi kali. Mchana bado, nimepata nafuu labda nusu, naweza kutembea mwendo mrefu nikianza taratibu na kuupasha mwili moto kwanza, lakini nikiondoka kwa kukimbia kifua kinanikumbusha. Na ile ya kupulizia inaondoa ya usiku kwa dakika moja mbili lakini ya mchana inayagusa kidogo tu, ambayo pia nilikuwa sielewi na sasa naelewa, midogo haiitikii sana nitrogliserini. Diltiazem imeniletea choo kigumu na miguu kuvimba kidogo jioni, navumilia. Dawa ya kupulizia inapiga kichwa vibaya na ukiipiga umesimama unaweza kuanguka, kaa chini kwanza, na kama mwenzio ndani ya nyumba anatumia dawa za nguvu za kiume za aina ya sildenafili ajue hizo mbili hazikai mwili mmoja kabisa.

Vichochezi nimevijua kwa kuandika daftari, baridi ya ghafla usoni, hasira, kupumua haraka haraka nikiwa na hofu. Sigara sivuti lakini nilikuwa nakaa na wavutaji ofisini, nimehama dawati. Daftari hilo lina safu tatu tu, saa, nilikuwa nafanya nini, limekaa dakika ngapi, na ukiwa unapanga kwenda kumuomba daktari kipimo hiki nenda nalo, mimi ukurasa mmoja wa daftari ulifanya kazi ambayo mara sita za chumba cha dharura hazikufanya. Ila usinielewe vibaya kuhusu chumba cha dharura, maumivu yakikaa hayaachii na dawa uliyopewa, au yamekuja na kuzimia, nenda, tena haraka, mshipa unaojikaza unaweza kuleta shambulio la moyo kamili na mapigo ya hatari hata kama hauna mafuta ndani. Mimi siku hizi natembea na karatasi ya majibu imekunjwa kwenye pochi, imeandikwa jina la ugonjwa na dawa nisizopewa, na mara moja niliyoenda tangu hapo nesi wa zamu aliisoma, akaniangalia, akanipeleka moja kwa moja ndani bila swali la mawazo.

Kwa hiyo nyota nne. Kipimo chenyewe ningekipa tano bila kusita. Niliyoikata ni ya maandalizi, zile wiki tatu, na kingine ambacho nimekisahau kukisema, kwamba baada ya kipimo nilipewa ripoti yenye namba na vifupisho tupu na miadi ya wiki sita mbele, hakuna aliyekaa na mimi dakika kumi kunisomea. Yule daktari kijana ndiye aliyenipigia simu jioni yake mwenyewe akiwa ametoka kazini, nikamuweka kwenye spika mume wangu asikie. Alipofika kwenye 1.6 na 34 mume wangu akamuuliza, kwa hiyo daktari, siku zote hizi alikuwa anaumwa kweli? Akajibiwa ndiyo, siku zote hizi. Mume wangu hakusema kitu tena, alinyanyuka akaenda kufunga dirisha la chumbani ambalo nilikuwa namuomba alifunge kila usiku kwa sababu ya baridi.